Kwetu Hapa, Kwetu Kule: Kijiji cha Szelmenc na Lugha Yake

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa mbele ya walimu wa Kiswahili, na kuandikwa upya na msemaji mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, assalaam aleikum, na wale wenye salamu nyingine, hamjambo.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze juu ya lugha na mipaka, nilijua anatarajia niwasimulie habari za kwetu Vanga, pwani ya Kenya mpakani na Tanzania, na kwa kweli mtu wa Vanga halazimiki kusafiri ili auone mpaka. Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi wakiwa kwao Ulaya, mstari wao ulianzia hapohapo kwetu, kwenye mlango wa mto Umba, ukapanda kuelekea Ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro na kwenda kuishia Ziwa Victoria. Marehemu bibi yangu alikuwa na ndugu zake Jasini, ng'ambo ya mstari huo, wala sikumsikia hata siku moja akisema kwamba ana ndugu nchi ya nje. Alikuwa akisema tu, "Nakwenda Jasini," akajitanda leso yake akaenda. Hayo mnayajua, na wengine mnayajua kunishinda. Leo nimeona niwapeleke mahali ambapo mstari wa namna hiyo ulichorwa miaka 60 baadaye, na ambapo mtu hakuweza kujitanda leso akaenda.

Mahali penyewe ni kijiji kiitwacho Szelmenc. Wenyewe hutamka Selments, kwa kuwa katika maandishi ya Kihungaria herufi sz ni s yetu, na c peke yake ni ts. Kipo katika uwanda wa mashariki wa Slovakia, mwendo mfupi kutoka mji wa Uzhhorod ulioko Ukraine, katika nchi tambarare ya mahindi, ngano na alizeti. Nusu yake ya magharibi, Nagyszelmenc, maana yake Szelmenc Kubwa, imo ndani ya Slovakia, na katika ramani za serikali inaitwa Veľké Slemence. Nusu ya mashariki, Kisszelmenc, yaani Szelmenc Ndogo, imo ndani ya Ukraine na inaitwa Mali Selmentsi. Ukiwajumlisha wakaazi wa pande zote mbili hupati watu elfu moja, na walio wengi, huku na kule, lugha yao ya nyumbani ni Kihungaria, ingawa Hungaria yenyewe haipo upande wowote ule.

Nilifika huko mwaka 2018 nikiwa mwanafunzi mjini Debrecen, Hungaria. Mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa mzaliwa wa Nagyszelmenc, na akaniambia kwamba ikiwa nimechoka kuulizwa na kila mtu habari za simba, twende kwao, kwa sababu bibi yake atanihoji habari za chakula tu. Tulifika mwezi wa Oktoba. Kijiji ni barabara moja ndefu, nyumba zimepangwa huku na huku, kila moja imeipa barabara ubavu wake mwembamba, na nyuma yake kuna ua mrefu wenye kisima, kuku, miplamu na mizabibu. Juu ya nguzo za umeme kulikuwa na viota vikubwa vya korongo weupe, vyote vitupu. Bibi wa mwenzangu aliponiona navitazama alisema kwamba wenye nyumba wamekwishaondoka kwenda kwetu, na hakukosea sana, kwa sababu korongo wa sehemu zile hupita Mashariki ya Kati na Sudan, na baadhi yao huja kushinda katika mashamba ya Afrika Mashariki wakati kwao ni baridi.

Huyu bibi nitamwita Néni, kama nilivyomwita siku zile. Ni neno ambalo Wahungaria humwitia mwanamke yeyote aliyewazidi umri, kama sisi tunavyosema mama au bibi bila ya kuuliza ukoo. Salamu niliyofundishwa nimpe ni "csókolom", ambayo watoto, na hata watu wazima, humwamkia mwanamke mzee, na maana yake ni "ninabusu", yaani mkono wako. Walimu mtaona mara moja kwa nini nilicheka. Sisi tunasema shikamoo, nashika miguu yako, wala hakuna anayeishika. Wao wanabusu mikono bila ya kuigusa. Nilipomweleza Néni maana ya shikamoo alifikiri kidogo, akasema mguu ni heshima kubwa zaidi, na tangu hapo akataka aamkiwe kwa Kiswahili.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu bila ya tarehe hadithi hii haieleweki. Hadi Vita Vikuu vya Kwanza, Szelmenc ilikuwa katika Ufalme wa Hungaria, katika wilaya ya kale iliyoitwa Ung. Tarehe 4 Juni 1920, kwa mkataba wa Trianon, Hungaria ilipokonywa takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni 3 wakajikuta ni raia wa nchi nyingine pasipo kuhama. Szelmenc ikawa ya Chekoslovakia. Mwezi wa Novemba 1938, Ujerumani na Italia zilipoamua mjini Vienna, ikarudishwa Hungaria. Mwaka 1944 Jeshi Jekundu la Usovieti likaingia, na katika eneo zima la Transcarpathia, ambalo leo ni mkoa wa magharibi kabisa wa Ukraine, wanaume wa Kihungaria wa kuanzia miaka 18 hadi 50 wakaitwa wakafanye kile walichoambiwa ni kazi ndogo ya siku tatu. Wengi hawakurudi, na mpaka leo maneno hayo ya Kirusi, "malenkij robot", yakitajwa katika nyumba za huko sauti hushuka. Tarehe 29 Juni 1945 Chekoslovakia ikaikabidhi Transcarpathia kwa Umoja wa Kisovieti. Usovieti ulipovunjika mwaka 1991, upande wa mashariki ukawa Ukraine. Chekoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, upande wa magharibi ukawa Slovakia.

Watu wa sehemu zile wana mzaha wao juu ya hayo, na kila mmoja husimulia kana kwamba mhusika ni babu yake mwenyewe. Mzee alizaliwa Austria-Hungaria, akasoma shule Chekoslovakia, akaoa Hungaria, akafanya kazi Usovieti, na sasa anapokea pensheni Ukraine. Mgeni akamwambia, "Kumbe mzee umetembea sana!" Mzee akajibu kwamba yeye hajawahi kuvuka kisima cha jirani.

Mwenzangu aliponisimulia mzaha huo nilicheka. Kesho yake Néni akaniambia kwamba huo ni mzaha wa watu ambao mpaka uliwapita juu ya vichwa, ambao serikali zao zilibadilika lakini jirani akabaki kuwa jirani. Kwao Szelmenc mpaka haukupita juu, ulipita katikati.

Ilikuwa mwaka 1946. Kisszelmenc na Nagyszelmenc tangu zamani zilikuwa na majina mawili, lakini nyumba za moja zilikuwa zimeota hadi zikagusana na za nyingine, barabara ikawa moja, watu wakaoana mpaka ikawa tabu kujua nani wa wapi. Askari wa Kisovieti wakaja wakapima, na mstari wao ukaikata barabara hiyo. Nyuma yake zikaja seng'enge, uzio wa mbao wa kuzuia macho, na minara ya walinzi. Usovieti ulikuwa na desturi, mpakani kote, ya kulima ukanda wa udongo na kuusawazisha kwa reki ili unyayo wa mtu au wa mbuzi uonekane asubuhi. Aliyekuwa na mama nyumba ya tano kutoka kwake, na nyumba hiyo ikawa imeangukia ng'ambo, sasa alikuwa na mama katika nchi ya kigeni. Ili amtembelee alitakiwa awe na barua ya mwaliko, ruhusa, pasipoti na viza, na akishapata vyote hivyo azunguke kwa kituo cha mpakani cha mbali, safari ya siku nzima, ili afike mahali ambapo moshi wa jiko lake aliuona kila asubuhi. Wapo waliopata ruhusa hiyo mara moja katika miaka kadhaa, na wapo ambao hawakuipata kabisa.

Kuzungumza na mtu wa ng'ambo ya uzio kulikatazwa. Kupunga mkono pia kulikuwa na hatari zake. Sasa, ndugu walimu, sikilizeni walichofanya, kwa sababu hasa ndicho kilichonifanya nilete habari za Szelmenc katika mkutano wa watu wa lugha. Waliimba. Mwanamke akiwa shambani kwake analima karibu na waya, alichukua wimbo wa zamani ambao kila Mhungaria anaujua, akauondoa maneno yake na kutia ya kwake: kwamba mjomba amefariki na maziko ni kesho, kwamba binti wa fulani amejifungua mtoto wa kiume, kwamba mgonjwa hajambo. Aliimba akiendelea na jembe lake, bila ya kuinua kichwa. Mlinzi aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali ya Usovieti hakujua neno moja la Kihungaria, akasikia mkulima anajifurahisha. Upande wa pili kulikuwa na mtu mwingine na jembe lake, amesikia kila kitu, na baada ya muda huanza naye wimbo wa kujibu.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa namna ya kumfikishia mtu ujumbe kwa wimbo huku wengine wakidhani ni burudani. Tumelelewa katika mafumbo, katika maneno ya leso, na katika taarabu ambayo anayeambiwa anajijua hata asipotajwa. Lakini tofauti ipo, na sipendi tuifunike kwa kujisifu. Fumbo letu hufichwa watu wanaoijua lugha, ndiyo maana linahitaji ufundi wa maneno. Wimbo wa Szelmenc haukuwa na fumbo lolote. Maneno yalikuwa wazi kabisa, msiba ukaitwa msiba. Lugha yenyewe, nzima, ndiyo iliyokuwa fumbo. Nimefundisha lugha miaka kadhaa na sijaona mahali pengine ambapo lugha ya mama ilifanya kazi hiyo kwa uchi namna hiyo, hali wenye lugha hawakuwa hata na hakika kama mwaka ujao watoto wao watakuwa na shule ya kuisomea.

Mambo ya maziko nimeyasikia kwa Néni mwenyewe. Bibi yake alikuwa ng'ambo, Kisszelmenc, na mwaka 1946 Néni alikuwa na umri wa miaka minane, na alikuwa amezoea kushinda katika ua wa bibi yake kila siku baada ya shule. Alipokuwa kijana bibi akafariki. Habari ilikuja kwa njia niliyoeleza. Siku ya maziko, watu wa ng'ambo walilipeleka jeneza karibu na waya kiasi walinzi walivyoruhusu, wakasimama nalo, na watu wa upande huu wakasimama mbali katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kisha likageuzwa. Nilimuuliza Néni walisimama muda gani. Alichokifanya ni kwenda jikoni kupunguza moto chini ya supu, akarudi na kusema, "Muda kama huu."

Hiyo supu nayo naomba niiseme, maana nilikaa nayo asubuhi nzima. Ilikuwa supu ya kuku, inayochemshwa taratibu kwa saa nyingi pamoja na karoti, na ndani yake hutiwa tambi zinazoitwa csiga, yaani konokono. Kipande kidogo cha unga uliokandwa kwa mayai huviringishwa kwa kijiti juu ya ubao mdogo wenye mifereji mpaka kinajikunja kama kombe la konokono. Wanawake kumi, kumi na tano, hukaa pamoja kuzisokota kabla ya harusi. Néni alizisokota bila ya kutazama, na mimi nilipojaribu nilipata vitu ambavyo mwenzangu alisema ni konokono waliokanyagwa. Alijua mimi ni Muislamu na alikuwa amekwishaweka mbali kila kitu chenye nguruwe, jambo ambalo katika nyumba ya mashambani ya Kihungaria si kazi ndogo.

Ukutani mwa jiko hilo ilikuwapo saa moja. Nilitaraji mbili. Enzi za Usovieti, upande wa ng'ambo ulifuata saa za Moscow, kwa hiyo Wahungaria waliokaa hatua 100 kutoka hapa walikuwa mbele kwa saa mbili. Siku hizi Ukraine ina saa za Kyiv, na tofauti ni saa moja. Lakini Wahungaria wengi wa Transcarpathia hawakukubali jambo hilo nyumbani mwao. Ofisini, stesheni na shuleni hutumia saa ya serikali. Harusini, kanisani na katika ahadi za jirani hutumia ile waiitayo saa yetu, ambayo ni ya Ulaya ya Kati, ile ile ya Budapest. Ukialikwa chakula lazima uulize ni kwa saa ya nani. Hapo nilimweleza Néni kwamba sisi nasi tuna saa yetu, tunaanza kuhesabu kunapopambazuka, kwa hiyo adhuhuri kwetu ni saa sita, na kwamba mtu akipanga safari na mgeni lazima aulizane naye ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Akaona ni jambo la kawaida kabisa. Alishangaa tu kwamba hatujawahi kuadhibiwa kwa ajili yake.

Mtaniruhusu, kwa kuwa tuko walimu watupu, niguse sarufi kidogo. Kihungaria hakina undugu na lugha za majirani zake, si na Kislovakia, wala Kiukraine, wala Kijerumani. Undugu wake ni na Kifini na lugha chache za mbali zilizoko Urusi. Lakini Mswahili akikisoma hakimtishi kama kinavyomtisha Mwingereza, kwa sababu nacho hujenga neno kwa kubandika. Ház ni nyumba; házam, nyumba yangu; házaim, nyumba zangu; házaimban, ndani ya nyumba zangu. Sisi hubandika zaidi mbele, wao hubandika nyuma, lakini mkono unaofanya kazi ni ule ule. Na kama sisi tulivyo na yeye kwa mwanamume na mwanamke, wao wana ő, basi.

Maneno mawili ya Kihungaria ndiyo niliyoyabeba kutoka Szelmenc. La kwanza ni határ. Ukifungua kamusi utaona határ ni mpaka wa nchi. Lakini kwa mkulima határ ya kijiji ni ardhi yote ya kijiji iliyoko nje ya nyumba, yaani makonde, malisho, vichaka, mahali ambapo watu huenda asubuhi na jembe. Mtu anaposema "amekwenda határ", maana yake amekwenda shamba. Neno hilo moja, lililokuwa la shamba na mpaka wa shamba la jirani, ndilo askari walilokuja kulipigia seng'enge. La pili linahusu nyumbani, nalo nitaliacha mpaka mwisho.

Uhuru wa mwaka 1991 haukuuondoa ule uzio. Watu walidhani, Usovieti ukienda, waya utakwenda nao, na waya haukwenda. Ulibadilisha wenyewe tu. Wakaanza kudai njia. Mwaka 2003 fundi wa Kisekeli, nao Wasekeli ni Wahungaria wa Transylvania, iliyoko Rumania, wanaosifika kwa malango ya mbao yenye nakshi, ambayo mtu wa Lamu angeyatazama kwa jicho la mtu wa kazi moja, alipewa shauri la ajabu: achonge lango moja zima, kisha lipasuliwe kati. Nusu ikasimamishwa Nagyszelmenc na nusu Kisszelmenc. Limeandikwa maneno yenye vina katika Kihungaria, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema kwamba Szelmenc moja imekuwa mbili, Muumba na aziunganishe. Nilisimama mbele ya lile la upande wa Slovakia kwa muda mrefu. Ukiliona mara ya kwanza unadhani limevunjika na watu wamekosa fedha za kulitengeneza.

Mwaka 2004 kesi yao ilisikilizwa hadi Washington, mbele ya kundi la wabunge wa Marekani wanaoshughulikia haki za binadamu, na tarehe 23 Desemba 2005 njia ikafunguliwa, ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli tu. Ilikuwa miaka 59 tangu kufungwa. Siku hiyo watu walilia, na picha zake zilizunguka Ulaya nzima.

Hapa, waheshimiwa, ndipo ninapoachana na wale wanaopenda kuimaliza hadithi siku hiyo ya Desemba. Njia ilifunguliwa, lakini haikufunguliwa sawasawa. Mwaka huo huo Ukraine ilikuwa imeondoa viza kwa raia wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mtu wa Nagyszelmenc aliweza kuvuka kwenda mashariki na pasipoti yake mkononi. Mtu wa Kisszelmenc, akitaka kuja kumtazama binamu yake, alihitaji viza ya Slovakia. Tarehe 21 Desemba 2007 Slovakia ikaingia katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, na mpaka huu wa kijijini ukawa ni mpaka wa nje wa eneo hilo zima, wenye kamera na masharti mapya. Viza hiyo iliondolewa tarehe 11 Juni 2017. Fanyeni hesabu: aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kupigwa seng'enge alikuwa na miaka 91 alipoweza kuvuka bila ya kumwomba mtu.

Waliovuka kwa wingi hawakuwa wenye ndugu. Walikuwa wanunuzi. Bei za Ukraine ni nafuu kuliko za Slovakia, na katika muda mfupi barabara ya Kisszelmenc, ile iliyolala miaka 60, ikajaa maduka ya sigara, peremende, viatu na nguo, yenye vibao vya Kislovakia. Wageni wanaegesha magari Nagyszelmenc, wanavuka kwa miguu, wanarudi na mifuko, maafisa wa forodha wanahesabu pakiti. Sisemi kwa dharau. Biashara ile imewalisha watu, na mtu wa Vanga hawezi kumcheka mtu yeyote kwa biashara ya mpakani. Nasema tu kwamba lango lililoombewa kwa jina la Muumba limewatumikia zaidi watu ambao hawajui limeandikwa nini.

Nikiwa pale nilipatwa na langu pia. Mwenzangu na Néni walikuwa wanavuka kwenda kununua uzi na chachu, wakaniambia twende. Nilikuwa na pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Hungaria, na viza ya Ukraine sikuwa nayo. Nikasimama kwenye nusu ya lango nikiwatazama wakienda, hatua chache tu, Néni na kikapu chake, mpaka wakapinda dukani. Nilikaa pale labda dakika 40, na naomba nikiri kwamba nilikasirika, kama mtu anayekasirika akizuiwa mlangoni. Kisha nikakumbuka nilisimama mahali gani, nikaona haya.

Kuna mpaka mwingine ambao hauonekani, nao umechorwa na karatasi. Mwaka 2010 Hungaria ilipitisha sheria ya kuwapa uraia Wahungaria walioko nje kwa njia rahisi. Slovakia ikajibu mwaka huo huo kwa sheria kwamba raia wake akichukua uraia mwingine hupoteza wa Slovakia. Ukraine nayo haikuukubali uraia wa pili, lakini ng'ambo wengi waliuchukua kimyakimya, kwa kuwa ulikuwa ni ufunguo wa kwenda kufanya kazi Budapest, Vienna au mbali zaidi. Kwa hiyo ndugu wawili wa kijiji kimoja, lugha moja na jina moja la ukoo, mmoja aliogopa kuwa Mhungaria kwa karatasi na mwingine akawa, na aliyekuwa ndiye aliyeondoka kijijini. Vijana wa pande zote mbili wameondoka sana. Jambo hili halikufanywa na askari yeyote.

Kisha likaja la Februari 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, kile kivuko cha baiskeli kikawa ni mojawapo ya vivuko vitatu vya barabara kati ya Ukraine na Slovakia, na wanawake wenye watoto na mabegi wakapita kwa wingi katika barabara ile ya kijijini, wengi wao hawajawahi kusikia jina la Szelmenc. Wanakijiji wa Nagyszelmenc waliwapokea kwa chai na supu. Lakini Ukraine iliwakataza wanaume wa miaka 18 hadi 60 kutoka nchini, na ni mwaka 2025 tu ndipo wa miaka 18 hadi 22 waliporuhusiwa. Mume wa Kisszelmenc mwenye miaka 40 huweza kumsindikiza mkewe mpaka kwenye kizuizi, basi. Mwenzangu aliponipigia simu majira hayo alisema Néni hakushangaa; aliuliza tu ikiwa bado yupo mtu anayezijua zile nyimbo.

Nimeahidi neno la pili. Wahungaria wana namna mbili za kusema nyumbani, kutegemea umesimama wapi. Ukiwa nyumbani kwako na unapataja, husema itthon, nyumbani hapa. Ukiwa mbali unapataja, husema otthon, nyumbani kule. Mimi nikiwa Debrecen na kuzungumza juu ya Vanga sina budi kusema otthon, na mwalimu wetu wa lugha alikuwa mkali sana kwa wanaokosea.

Siku ya kuondoka, Néni alinisindikiza mpaka langoni, akasimama chini ya ile nusu tao, upande huu, upande wa Slovakia, akanionyesha kwa kidole paa la duka moja la viatu ng'ambo. Akasema pale ndipo palipokuwa na ua wa bibi yake, palikuwa na mplamu mkubwa. Na katika kusema hivyo alitumia itthon. Ndani ya gari nilimuuliza mwenzangu ikiwa bibi yake amekosea sarufi, maana kwa kanuni tuliyofundishwa ilipasa aseme otthon. Mwenzangu aliendesha kimya mpaka tukakipita kijiji, kisha akasema hapana, hajakosea.

Asanteni kwa kunisikiliza.